Mkono Uliopita Kwenye Kitenge

Mwaka jana nililazwa katika hospitali moja Dar es Salaam kwa ajili ya moyo. Walinitoboa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakaingiza mrija mwembamba kama tambi, ukapanda ndani ya mshipa kuelekea moyoni. Daktari alikuwa kijana wa rika la wajukuu zangu. Mbele yake palikuwa na kioo kikubwa kama televisheni, na kompyuta ilikuwa imemchorea njia ya mishipa yangu kwa rangi, kona kwa kona, hata kabla mrija haujafika. Mrija ukisogea, anauona unasogea. Ukikosea njia, kompyuta inamwambia. Alikuwa anajivunia kifaa chake na mimi niliona ana haki.

"Bibi, unataka kuona?" akaniuliza, akakigeuza kioo kidogo upande wangu.

Nikageuzia uso ukutani.

Alidhani naogopa, akanipigapiga begani kwa upole wa vijana waliofundishwa upole darasani. Sikuwa naogopa. Nimekuwa nesi karibu maisha yangu yote, na mirija niliyoipitisha kwenye mishipa ya watu siwezi kuihesabu. Niligeuka kwa mazoea tu. Mtu anapopitisha kitu ndani ya mshipa wako, unatazama pembeni, umwachie kazi yake. Hiyo ni adabu niliyojifunza Mbeya miaka ya sabini, na aliyenifundisha sikuwahi kumwona uso.

Mimi ni mtu wa Iringa, upande wa milimani juu ya Ilula, kwenye baridi. Baba yangu alikuwa fundi wa mabomba ya mianzi. Siku hizi nikisema hivyo vijana wanacheka, lakini wakati ule kijiji chetu kilikunywa maji yaliyopita ndani ya mianzi, na yalikuwa matamu. Mwanzi una mafundo, na kila fundo limeziba kwa ndani. Kazi ya baba ilikuwa kuyatoboa yote kwa nondo ndefu, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, bila kuona anachofanya. Mimi nilikaa upande wa pili nimeushika mwanzi usicheze. Nondo ikigota, baba hakusukuma. Aliizungusha taratibu, kichwa kimeinama, macho amefumba, mpaka ipite. Ukilazimisha, mwanzi unapasuka ubavuni na kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

"Usipigane nao," alikuwa akisema. "Uulize unataka nini."

Nilimwona mzee anayeongea na miti. Sikujua kwamba ananifundisha kazi.

Unesi nilisomea Iringa mjini, nikapangiwa Mbeya, na huko nikaolewa na Mnyakyusa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye reli mpya ya kwenda Zambia. Alikuwa mpole, mwenye kupenda kucheka, na katika miezi yote ya uchumba hakunitajia jambo moja muhimu. Nililijua siku ya tatu baada ya harusi, kutoka kwa wifi yangu.

"Baba akija, wewe unakimbia," wifi alisema.

"Nakimbilia wapi?"

"Popote. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, chooni. Usimwone uso, na yeye asikuone. Mkikutana njiani, wewe toka njiani, jifunike kichwa, chuchumaa, mpe mgongo mpaka apite. Jina lake usitaje."

Kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa sana, lakini heshima yenyewe unampa ukiwa mbele yake, unamwamkia kamwene na kumpokea mzigo. Hili la kukimbia niliona ni vichekesho. Nikamuuliza wifi kama baba yake anauma. Hakucheka. Aliniambia mwacha mila ni mtumwa, na kwamba heshima isiyokusumbua si heshima. 

Basi nikajifunza kukimbia. Baba mkwe aliishi upande wa Rungwe, akija Mbeya mara kwa mara kwa basi la Tukuyu, na mimi nikawa hodari. Siku moja nilisikia sauti yake sokoni Mwanjelwa nikajitupa nyuma ya magunia ya mchele wa Chimala, nikiwa na sare yangu nyeupe na kofia ya unesi kichwani. Mwenye magunia akaniuliza kama nafukuzwa na polisi. Nikamnong'oneza kwamba ni baba mkwe. Akasogeza gunia moja ili nijifiche vizuri zaidi.

Nilichelewa kugundua kwamba hata yeye mila hiyo ilikuwa inamchosha. Kila akija kwetu alisimama kwanza kwenye kona ya ua na kukohoa mara tatu. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kho, kimya, kho, kimya, kho. Kisha alisubiri. Hata mvua ikimnyeshea alisubiri hapo hapo, mpaka asikie mlango wa nyuma umefungwa, ndipo aingie. Kwa miaka mitatu nilimjua kwa kikohozi hicho, kwa makatambuga yake ya tairi aliyoyavua mlangoni, la kushoto limefungwa kwa waya wa bluu, na kwa mkungu wa ndizi niliokuta kibarazani akishaondoka. Yeye naye alinijua kwa kisigino kinachokata kona.

Mwaka wa pili mimba yangu ya kwanza ikatoka. Nililala ndani siku nyingi, sitaki chakula, sitaki mtu. Asubuhi moja nikasikia kho, kho, kho. Sikuwa na nguvu ya kukimbia, na nadhani alijua, maana siku hiyo hakuingia. Nilisikia makatambuga yakizunguka nyumba mpaka nje ya dirisha langu. Pazia lilikuwa limefungwa. Akaanza kuzungumza na ukuta.

"We ukuta," alisema kwa Kiswahili chake cha milimani, "hebu mwambie mwanangu iko humo ndani. Mgomba ikianguka, chini iko chipukizi. Mimi nalima migomba, najua. Mwambie akule."

Nikangoja sauti yangu itulie. "Ukuta, mwambie baba nimesikia."

"Ndaga," akajibu. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni asante na ni pole vilevile, na sijui siku hiyo alimaanisha lipi. Makatambuga yakaondoka. Nikaamka, nikala ndizi mbili. Tangu asubuhi hiyo nilimpenda yule mzee, nalisema wazi, kuliko watu wengi niliowahi kuwaona uso.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeshika hata mlima Loleza hauonekani, nilikuwa zamu ya mchana wodi ya watoto. Mishipa ya mtoto ni uzi, na ukiizoea hiyo, watu wazima hawakusumbui. Hospitali nzima ilikuwa inasema nina mkono mwepesi, nami sikuwa nakanusha. Sista wa wodi ya wanaume akaja mwenyewe kuniita. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mchapakazi, asiyependa kuambiwa haiwezekani.

"Nesi, njoo na mikono yako," alisema. "Nina mzee anaharisha na kutapika tangu jana. Mwili umemkauka, mishipa yote imelala. Tumemchoma mpaka tunaona haya. Daktari yuko chumba cha upasuaji na mama wa mapacha, hatoki sasa hivi. Huyu mzee asipopata maji mapema hatufiki naye jioni."

Nikamfuata, nimebeba sinia langu. Tulipofika katikati ya wodi miguu yangu ikagoma kabla kichwa hakijajua sababu. Chini ya kitanda mbele yangu palikuwa na makatambuga ya tairi, la kushoto limefungwa kwa waya wa bluu.

Nikageuka nikakipa kitanda mgongo. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa sakafuni kando ya mumewe, akainuka haraka na kunizuia kwa mikono miwili. Walikuwa wamefika asubuhi kwa basi, wakanikosa nyumbani. Mume wangu alikuwa safarini na treni, upande wa Mlimba.

"Mwanangu, usipite," aliniambia, na macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa tumboni.

Nilikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitatu. Tulioijua tulikuwa watatu tu, mimi, mume wangu na yeye. Kwao inasemwa kwamba mkamwana akimwangalia mkwe wake, mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia. Mimi nilikuwa nesi mwenye cheti, najua kinachoharibu mimba na kisichoharibu. Lakini nilikuwa nimepoteza moja, na mwanamke aliyepoteza moja haringi na cheti.

"Nini tena?" Sista aliuliza.

"Ni baba mkwe wangu, Sista."

"Basi vizuri, utamhudumia kwa upendo."

"Siruhusiwi kumwona. Wala yeye kuniona."

Alitutazama mimi na mama mkwe kwa zamu, akitafuta nani kati yetu amerukwa na akili. "Mzee anakata roho hapa," alisema, "na ninyi mnaoneana haya?"

Ndipo nikasikia nyuma yangu, kutoka kitandani, kwa sauti kavu kama jani la mgomba: kho. Kikafuata kimya kirefu. Kho. Kimya tena, na cha tatu kilichelewa mpaka nikadhani hakitakuja. Kho.

Mzee yule hakuwa na mate mdomoni, na pumzi iliyobaki aliitumia kunipa nafasi nikimbie. Nilisimama pale na sinia langu, machozi yananitoka mbele ya wodi nzima ya wanaume. Nilikuwa nimemkimbia miaka mitatu kwa sababu ndiyo heshima. Nikimkimbia mara hii moja zaidi, sitakuwa na wa kumkimbia tena.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "mimi siondoki."

Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akalitazama tena tumbo. Alikuwa mwanamke wa kufikiri polepole na kutobadilisha akishafikiri.

"Mkono haina uso," akasema mwishowe. "Mwiko iko kwenye uso. Mkono ni mkono tu."

Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya kingine. Kilikuwa kipya, chekundu chenye maua ya njano, bado kigumu kwa wanga wa dukani. Akampa Sista, akamwonyesha kwa kidole hapa, ukate hapa. Sista akachukua mkasi. Lazima nimpe sifa yake: hakuelewa hata kidogo, lakini alipoona njia imepatikana hakupoteza muda kuuliza ni ya nani. Wakasogeza fremu ya pazia la wodi kando ya kitanda, wakatandika kitenge juu yake, na mkono wa baba mkwe ukapitishwa kwenye tundu ukanijia upande wangu.

Nikakaa kwenye kigoda. Ulikuwa mkono wa kushoto, mkubwa, utomvu wa migomba umeingia kwenye mistari ya kiganja ukawa mweusi wa kudumu. Miaka mitatu, na hicho ndicho kipande chake cha kwanza kukiona. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, ngozi ukiifinya inabaki imesimama.

Sindano fupi zilikuwa zikichomoka kila anapotapika. Iliyobaki ilikuwa njia aliyonifundisha daktari wetu, ya mrija mrefu. Unaingiza kwanza sindano nene kwenye mshipa wa kiwiko, halafu ndani ya sindano hiyo unapitisha mrija wa plastiki, unaupandisha ndani ya mkono mpaka ukaribie kifua, kwenye mshipa mpana usiolala. Kabatini ilikuwepo miwili tu, na Sista alinipa mmoja kama anayetoa yai la mwisho. Kanuni ilikuwa moja: mrija ukishapita kwenye sindano haurudi nyuma. Ukiuvuta, ncha ya sindano inaukata, na kipande kinasafiri peke yake kwenda moyoni. Kioo cha kuonyesha mrija uko wapi hatukuwa nacho.

Nikaufunika mkono kwa taulo la maji ya moto, nikafunga mpira juu ya kiwiko, nikangoja. Hakuna kilichoonekana. Nikafumba macho, kwa kuwa macho yalikuwa yananidanganya, nikaacha kidole kitafute. Upande wa ndani wa kiwiko, chini sana, nikagusa kitu kama uzi uliolowa. Nikachoma. Damu ikaja, nyeusi na mvivu. Nikafungua mpira nikaanza kupitisha mrija, kidogo kidogo, na ulikwenda vizuri mpaka karibu na bega. Hapo ukagota.

Sista aliifungua chupa ya dripu. Maji hayakushuka hata tone.

"Uvute, tuanze mkono wa pili," alisema.

"Hauvutwi."

"Basi usukume."

"Hausukumwi."

"Sasa?"

"Sasa tunauliza," nikamjibu, na nilimsikia akivuta pumzi ya mtu anayejizuia.

Ndani ya mshipa kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea moyoni, na begani njia inapinda. Nikauzungusha mrija kati ya vidole viwili, kama nilivyomwona baba akizungusha nondo. Haukupita. Daktari alikuwa amenifundisha kinachofuata. Mgonjwa anyooshe mkono pembeni, na ageuzie uso upande wa mkono huo huo unaoshughulikiwa, ndipo njia ya begani inakaa sawa na mrija hauendi shingoni.

Upande wa mkono ule nilikuwepo mimi.

Mama mkwe, aliyesimama mwisho wa pazia ambako angeweza kutuona sote, aliniambia kwamba tangu nianze mzee ameelekeza uso upande wa pili. Nikamwomba amwambie ageuke. Akamwambia kwa Kinyakyusa, kwa upole, halafu kwa ukali. Nikasikia kichwa kikisugua mto, kikikataa. Hakuwa na nguvu ya kunyanyua kidole, lakini ya kukataa kunivunjia heshima alikuwa nayo.

Niliona chupa imejaa pale juu na mkono unazidi kupoa mikononi mwangu. Nilijua anaweza kufa hivi, kwa adabu, huku dawa yake ikining'inia hatua moja kutoka kwake. 

"Ukuta," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Ukuta, mwambie baba ageuzie uso huku. Mwambie ni mwanawe anaomba. Mwambie chipukizi liko chini, na linataka kumkuta."

 Kitanda kikalia. Kitenge kikavuta kidogo, mkono ukanyooka wenyewe, na nikasikia pumzi yake ikipita kwenye tundu na kugusa vidole vyangu.

Nikafumba macho. Nikamwomba Sista asukume maji kidogo kwa bomba la sindano, ili vilango vipate sababu ya kufunguka, na mimi nikauzungusha mrija taratibu, sikusukuma, niliuegemeza tu. Nikangoja. Sijui ni muda gani. Ukapita. Sikuusikia kwa sikio, niliusikia kwa ncha ya kidole, kama mtu wa ndani amekufungulia mlango.

Maji yakaanza kudondoka kwenye kichupa cha dripu, tone, tone, halafu mfululizo. Sista aliyatazama kwa muda. "Haba na haba," akasema, akaenda kufokea mtu mwingine.

Nilishinda pale upande wangu wa kitenge. Chupa ya tatu ilipoisha palikuwa na swali ambalo nesi lazima aliulize, na ambalo mkamwana hawezi kuliuliza hata kwa ndoto. Mama mkwe alikuwa ametoka kuchukua maji. Sista alikuwa mbali. Nikazunguka maneno yote niliyoyajua, nikayakosa.

"Ukuta," nikasema, "mzee amekojoa?"

Kitenge kikaanza kutikisika. Niliogopa, nikadhani degedege. Alikuwa anacheka. Alicheka bila nguvu, kwa pumzi tu, mpaka fremu ikawa inagonga kitanda.

"Ukuta," akanong'ona, "mwambie amekojoa. Mingi."

Nikacheka na mimi, nimejifunika uso kwa kofia yangu.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa nilijificha stoo mpaka apite, na nikasikia makatambuga yakipunguza mwendo kwenye mlango wa stoo, yakasimama kidogo, yakaendelea. Baada ya hapo hakuna kilichobadilika. Alikuja na ndizi zake, akakohoa mara tatu, nikakimbia. Isipokuwa sasa nilikuwa nikishajificha na mimi nakohoa mara moja, kumjulisha kwamba njia ni nyeupe. Binti yetu alizaliwa mwezi wa tisa, mnene, hana kasoro. Babu yake alimpokea mlangoni, mimi nikiwa nyuma ya mlango nimemnyooshea mtoto kwa mikono miwili kwenye uwazi. Vidole vyetu viligusana chini ya shali. Hakuna aliyevitoa kwa haraka.

Alifariki kabla miaka ya sabini haijaisha, ghafla, shambani kwake. Tulikwenda Rungwe kwa mvua. Kabla ya kumfunika, mama mkwe alikuja kunitafuta jikoni kwa wanawake.

"Sasa unaweza kumwona," aliniambia. "Mfu hana mkwe."

Nikasimama, nikafika mlangoni mwa chumba, nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, mimi nilimvunjia heshima siku ile hospitali. Nilimlazimisha akanitazama. Sitaki kumfanyia tena leo."

Mama mkwe alinishika mkono akanikalisha kwenye benchi. "Wewe ulifikiri alikuona?"

"Aligeuza uso kwangu. Tundu lilikuwa kubwa."

"Uso aligeuza," alisema. "Macho alifumba. Alifumba sana, hivi, kama mtoto iko inanyweshwa dawa. Nikaangalia upande wako, na wewe umefumba. Mimi nasimama pale katikati nawaona wote mbili. Mnatazamana, mmefumba macho." Akaanza kucheka, mkono mdomoni, kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia naye, kwa sababu kwa miaka yote ile nilikuwa nimebeba hatia ya jambo ambalo halikutokea.

Kisha niliingia. Nilipiga magoti kando yake, nikafumba macho, na mama mkwe akaniwekea ule mkono wa kushoto mapajani. Nikapitisha kidole gumba ndani ya kiwiko mpaka nikakipata kile kikovu, kidogo kama punje ya ulezi. Nikakaa nacho mpaka waliponiita.

Hayo yote ningeweza kumweleza daktari yule kijana, lakini alikuwa kazini. Nilibaki nimeuelekeza uso ukutani, nikisikiliza mashine zake zikilia, mpaka aliponiita.

"Bibi, mrija umekwama kidogo hapa begani. Kompyuta inaonyesha njia ipo, ila inabidi unisaidie. Geuzia uso huku kwangu, kisha vuta pumzi ndefu."

Nikageuza uso. Nikafumba macho.

"Ukifumba hutaona kitu, bibi," alisema, na nilisikia kwamba anatabasamu.

"Endelea tu, mjukuu wangu," nikamwambia. "Kwetu ndivyo tunavyotazamana."